Dawa ya Kifafa Hufanya Kazi Siku Ambayo Hujaanguka

Nina kifafa. Ninameza dawa asubuhi na usiku, na ni miaka sasa sijaanguka. Anayeyajua mambo hayo mawili, awe jirani, mteja au wifi, huniuliza swali moja tu: kama huanguki tena, vidonge vya nini? Ninaishi Ngamiani, Tanga, nashona nguo, na kibaraza cha fundi hakikosi wenye maswali. Nimekuwa nikijibu kwa maneno mafupi, nikaona hayatoshi. Leo najibu kwa kirefu, kwa sababu swali hilo hilo likimkaa moyoni mama mwenye mtoto anayeanguka, ndilo linalomfanya aziweke dawa kabatini mara mtoto anapopata nafuu.

Nilizaliwa upande wa Muheza. Nikiwa mdogo, kabla ya kuanza shule, malaria ilinipanda kichwani nikashikwa na degedege la muda mrefu. Nilipona, nikacheza na wenzangu kama kawaida. Kifafa kilikuja baadaye, nikiwa darasa la nne. Sasa ninajua kwamba malaria ya ubongo inaweza kuacha kovu ambalo halionekani kwa miaka, kisha likaanza kusumbua. Wakati ule nyumbani hakuna aliyelijua hilo. Bibi yangu alinipeleka kwa mganga, nikanyweshwa kombe, nikavishwa hirizi. Simlaumu hata kidogo. Alikuwa ananitafutia uzima kwa njia aliyoijua, na ndiye yeye aliyenibeba mgongoni kwenda zahanati hirizi iliposhindwa.

Nieleze inavyoanza kwangu, maana wengi wameona kuanguka tu, hawajui kinachotangulia. Kwanza inakuja harufu ya mpira unaoungua. Hakuna mpira wala moto popote. Kisha kitu kinapanda kutoka tumboni hadi kooni, na mahali ninapopajua vizuri panakuwa pageni, hata sura ya mama yangu. Baada ya hapo sina habari. Nikizinduka, ulimi una jeraha, nguo zimelowa, kichwa kinagonga, na watu wamesimama mbali kwa kuogopa povu. Povu lile ni mate tu. Halimwambukizi mtu.

Ile harufu ndiyo iliyomsaidia daktari baadaye. Aliniambia: "Dada, hiyo harufu tayari ni kifafa chenyewe." Kwamba kifafa changu kinaanzia sehemu moja ya ubongo, upande wa masikio, mahali panapohusika na harufu na kumbukumbu, kisha kinasambaa mpaka kinauchukua ubongo wote. Neno hilo likaja kuamua hata dawa niliyopewa.

Dawa yangu ya kwanza ilikuwa fenobabitoni, ile ambayo watu wengi nchini huanzia kwa sababu ni ya bei nafuu na inapatikana. Ni dawa ya zamani sana. Mjerumani mmoja, Alfred Hauptmann, ndiye aliyeandika mwaka 1912 kwamba inapunguza kuanguka, wakati ambao Tanga hii bado ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Zaidi ya miaka 100 imepita na bado inaokoa watu. Mimi pia iliniokoa: kuanguka kwangu kulipungua sana. Lakini nilisinzia darasani. Mwalimu akiuliza swali, nililisikia, jibu nilikuwa nalo, ila lilichelewa kufika mdomoni. Niliitwa mvivu kwa miaka, na hilo liliniuma kuliko kuanguka kwenyewe.

Kwa nini dawa inayozuia kifafa ilete usingizi? Hapo ndipo mpwa wangu anaponisaidia. Ni mtoto wa dada yangu, anasoma udaktari Muhimbili, na akija likizo hukaa kwenye benchi langu akinieleza huku mimi nikipiga pindo.

"Ma'mdogo," akaniambia, "ubongo wa kila mtu unaweza kuanguka kifafa. Wako unahitaji sababu ndogo zaidi, basi."

Akaeleza hivi. Seli ya ubongo ikiwa imetulia, ndani yake umeme uko chini kuliko nje, kwa kiasi cha milivolti 70. Ikichochewa vya kutosha, vijilango kwenye ukuta wake vinafunguka, sodiamu inaingia kwa kasi, na seli inafyatuka na kupasha habari zile zinazofuata. Kuna kemikali za kuchochea, kubwa yao ni glutamati, na kuna za kutuliza, kubwa yao ni gaba. Wakati wote hizi mbili zinavutana, na katika kuvutana huko ndipo mtu anapofikiri, anapotembea na anapotunga uzi kwenye sindano. Penye kovu kama langu, uchochezi unauzidi utulivu. Ikitokea sababu, seli nyingi zinafyatuka kwa pamoja, zinavuta na jirani zake, na mtu yuko chini.

Dawa haiji kuliondoa kovu. Inapandisha kiwango cha uchochezi kinachohitajika ndipo seli zifyatuke kwa pamoja. Huku Ngamiani nyumba zilizo mahali pa chini zimejengewa kizingiti cha saruji mlangoni. Masika ikifika, maji yanajaa uani, yanagonga pale, chumbani pamekauka. Mvua haikuzuiwa. Imenyesha kama mwaka jana. Mwenye nyumba akisema, "Mbona miaka miwili hatujalowa, hebu tukibomoe hiki kinachotukwaza miguu," ataijua kazi yake kwenye mvua ya kwanza. Hilo ndilo jibu langu kwa wanaouliza vidonge vya nini.

Sasa, zipo njia tofauti za kukipandisha kiwango hicho. Fenobabitoni inasaidia gaba. Gaba ikigusa seli, inafungua njia ya kloraidi kuingia, na kloraidi inaishusha seli iwe nzito kufyatuka. Fenobabitoni inaifanya njia hiyo ikae wazi muda mrefu zaidi. Tatizo ni kwamba gaba iko ubongo mzima. Dawa haichagui seli zenye kovu peke yake. Inatuliza na zile za kukaa macho, za kukumbuka, za kujibu swali la hesabu. Nilipolisikia hilo, nikiwa mtu mzima, nilimkumbuka yule mtoto wa Muheza aliyeitwa mvivu, na machozi yalinitoka mbele ya mpwa wangu bila kuona haya.

Kabamazepini, ninayoitumia sasa, inakwenda kwenye vile vijilango vya sodiamu. Kila kijilango kikishafunguka, hujifunga na kupumzika kidogo kabla ya kuwa tayari tena. Dawa hii inakinasia hapo kwenye mapumziko na kukichelewesha. Seli inayofyatuka taratibu, kwa kazi za kawaida, haiathiriki sana. Inayofyatuka mfululizo kwa kasi, kama zile za kifafa, ndiyo inayokwama, kwa sababu vijilango vyake ndivyo vinavyonaswa kwa wingi. Ndiyo maana wengi wetu tunaweza kuimeza na bado tukashona, tukahesabu chenji, tukaendesha baiskeli. Si kwamba haina madhara. Mwanzoni nilipata kizunguzungu na kuona vitu viwiliviwili, na daktari alinionya mapema kabisa kwamba vipele vikitokea mwilini, hasa vikiambatana na homa au vidonda mdomoni, nisisubiri hata kesho yake. Inafaa kwa kifafa kinachoanzia sehemu moja kama changu. Kuna aina nyingine za kifafa ambazo inaweza kuzizidisha, kwa hiyo jirani asikuazime vidonge vyake hata kama anakupenda kiasi gani.

Mpwa wangu alinisimulia pia jinsi haya yanavyopimwa kwa mtu aliye hai. Mwaka 1985, Mwingereza Anthony Barker na wenzake wa Sheffield walionyesha kwamba koili ikiwekwa juu ya kichwa, ikapitishiwa umeme ikawa sumaku kwa muda mfupi mno, ubongo chini yake unachochewa bila kupasua fuvu. Ikielekezwa kwenye sehemu inayoamrisha mkono, kidole kinaruka. Wanapunguza nguvu mpaka wapate ile ndogo kabisa inayotosha kukirusha kidole. Mtu akiwa amemeza kabamazepini au fenitoini, dawa nyingine ya vijilango vya sodiamu, kiwango hicho kinapanda: lazima sumaku iongezwe nguvu. Akimeza dawa inayoongeza nguvu ya gaba, kiwango hicho kinabaki karibu palepale, lakini wakipiga mapigo mawili yanayokaribiana sana, la kwanza dogo na la pili kubwa, lile la kwanza linalififisha la pili kuliko kawaida. Nilifurahi mno kusikia hivyo. Miaka yote nilikuwa nikiambiwa "meza tu dawa", na kumbe kinachotokea kichwani mwangu kinaweza kuonekana kwenye kidole kinachoruka au kisichoruka.

Na kuna jambo lililonigusa zaidi katika vipimo hivyo. Watu wenye kifafa wakipimwa baada ya kunyimwa usingizi, ubongo wao unakuwa mwepesi zaidi kusisimka. Mimi nililijua hilo kwa mwili wangu kabla sijaambiwa. Kazi ya ushonaji ina misimu yake: karibu na Idd na msimu wa harusi, mafundi wanakesha. Sare za ndugu wa bi harusi zinaletwa dakika ya mwisho, na kila mtu anataka yake kesho. Zamani, ile harufu ya mpira ilikuwa inanijia asubuhi baada ya kukesha, si siku nyingine. Siku hizi saa nne za usiku nafunga cherehani. Nimepoteza wateja kwa ajili hiyo, wapo walioniambia nina maringo, lakini usingizi kwangu ni sehemu ya dozi. Ndivyo ilivyo kwa pombe, homa kali, na kwa baadhi yetu wanawake, siku za karibu na hedhi, kwa kuwa homoni ya estrojeni huchochea ubongo na projesteroni huutuliza.

Ramadhani nayo inataka mpango. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na hakuna wa kumsimanga. Anayetaka kufunga aongee na daktari wake mwezi kabla. Fenobabitoni hukaa mwilini siku kadhaa, kwa hiyo anayemeza mara moja usiku hana shida kubwa ya saa. Kabamazepini inapungua haraka zaidi. Bahati yetu tuko karibu na ikweta: usiku na mchana vinakaribia kulingana, hivyo dozi ya futari na ya daku hazipishani vibaya. Tabu yangu haikuwa saa za dawa, ilikuwa usingizi wa kukatika katikati. Nikimaliza daku na alfajiri narudi kulala, na duka linafunguliwa saa nne asubuhi. Wateja wameshazoea.

Kisha unyevu. Hili nalitilia mkazo kwa sababu tuko pwani, na sijaona likisemwa sana. Masika moja harufu ilianza kunirudia, na nilikuwa sijaruka dozi. Kliniki, nesi aliniomba nimwonyeshe vidonge. Vilikuwa kwenye kibahasha cha karatasi, kama tulivyozoea kupewa, na kibahasha kilikuwa kimelegea kwa unyevu. Akakitoa kidonge kimoja akakibonyeza kwa kucha. Kilikuwa kigumu, hakivunjiki. Akasema, "Hiki kitapita tumboni bila kuyeyuka vizuri." Kabamazepini ikipata unyevu inaweza kupoteza hadi theluthi moja ya nguvu yake. Yaani unameza kidonge kizima, mwili unapata pungufu. Tangu hapo ninaweka changu kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana, mbali na jiko na bafu. Harufu iliacha. Mwenye kulala chumba kimoja na jiko la mkaa na ndoo za maji, kama wengi wetu, atafute chupa.

Balungi nalo. Sisi wa Muheza tumekulia kwenye machungwa, na machungwa hayana neno. Ila balungi linapunguza uwezo wa mwili kuivunja kabamazepini, dawa inajaa kwenye damu kupita kiasi, na kizunguzungu kinarudi. Nimeliacha.

Wanawake wenzangu wanisikilize zaidi hapa. Kabamazepini, fenobabitoni na fenitoini zinalifanya ini livunje homoni za uzazi wa mpango haraka. Vidonge vya majira na kijiti vinaweza kushindwa kazi. Kitanzi hakiathiriki. Wengi hawaambiwi, kwa kuwa dawa za kifafa zinatolewa kliniki ya afya ya akili na uzazi wa mpango unatolewa jengo jingine, na kila upande unadhani mwingine amesema. Sema wewe mwenyewe: "Natumia dawa ya kifafa, jina lake hili." Ukiwa kwenye dawa za kufubaza virusi, vilevile sema, kwa kuwa huko nako dozi inaweza kuhitaji kubadilishwa.

Na kuhusu ujauzito: valproeti ni dawa nzuri ya kifafa, kwa baadhi ya aina ni nzuri kuliko zote, lakini kwa mjamzito ina hatari kubwa. Karibu mtoto 1 kati ya 10 waliokuwa tumboni mama akiitumia huzaliwa na kasoro ya mwili, na wengi zaidi huchelewa kusema na kujifunza. Msichana anayeanzishiwa dawa hiyo anastahili kuelezwa hayo siku ile ile, si siku anapokuja na mimba. Lakini mwenye mimba tayari asizitupe dawa kwa woga. Kuanguka mfululizo kunaweza kumuua yeye na mtoto. Mimi nilimzaa binti yangu nikiwa kwenye kabamazepini, ambayo nayo haikosi hatari ila ni ndogo zaidi, na nilikuwa nimeanza vitamini ya foliki asidi kabla sijashika mimba. Yuko darasa la pili sasa, anasoma maandishi ya vibao vyote vya barabarani kwa sauti.

Nirudi kwenye kuacha dawa, maana ndipo watu wanapofia. Ubongo uliotulizwa kwa muda mrefu hujirekebisha kulingana na ile dawa. Ukiikata ghafla, hasa fenobabitoni, uchochezi unarudi ukiwa juu kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza. Mtu anaweza kuanguka, akaanguka tena kabla hajazinduka, na tena. Kuna kijana wa mtaani kwetu aliyeambiwa kwenye mkesha wa maombi kwamba ameshapona, avitupe vidonge. Alivitupa. Alikaa hospitali muda mrefu, na mpaka leo ulimi wake mzito. Kutoka fenobabitoni kwenda kabamazepini mimi nilipitishwa kwa miezi, moja ikishushwa kidogokidogo na nyingine ikipandishwa. Na siku ninayoambiwa dirishani kwamba dawa imeisha, sirudi nyumbani kusubiri. Nazunguka maduka ya dawa mpaka niipate, hata kama nitakopa. Ninawaomba wanaoagiza dawa walijue hili: "njoo wiki ijayo" kwa mgonjwa wa kifafa si usumbufu mdogo.

Ukimkuta aliyeanguka, mlaze ubavu, mlegezee nguo shingoni, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na uangalie saa. Ikipita dakika tano bila kutulia, tafuta usafiri wa hospitali mara moja, bajaji au pikipiki ya jirani, chochote.

Shirika la Afya Duniani linasema watu kama milioni 50 duniani wana kifafa, na hadi 70 kati ya kila 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa inayowafaa na kuitumia ipasavyo. Nikiisoma hesabu hiyo ninawawaza waliofichwa vyumba vya uani, wasiopelekwa shule wala harusini, na dawa ipo.

Mwaka huu daktari aliniuliza kama ningependa tujaribu kupunguza. Ni swali la haki: mtu akikaa zaidi ya miaka miwili bila kuanguka, linaweza kuzungumzwa, na wapo wanaoacha taratibu chini ya uangalizi wakabaki salama. Tulikaa tukaangalia hali yangu pamoja. Nina kovu, kifafa changu kinaanzia sehemu moja, na uwezekano wa kifafa kunirudia ni mkubwa kuliko kwa aliyekuwa na kifafa cha utotoni kisicho na kovu. Ninaendesha baiskeli barabarani, mtoto akiwa nyuma. Nimemjibu kwamba nabaki na dozi yangu, naye ameandika hivyo kwenye daftari langu.